Mgeni katika Lugha Yake: Uhakiki wa Kalenda za Kimeru na Kiembu katika Mifumo Huria ya Kompyuta

Uhakiki katika Afrika Mashariki umezoea kushughulika na matini yenye jalada. Riwaya huchambuliwa, tamthilia hujadiliwa, diwani hupimwa vina na mizani yake, na hata methali na vitendawili vimepata wachambuzi wa kutosha. Lakini ipo aina moja ya matini isiyo na jalada wala jina la mtunzi, ambayo husomwa kila siku na watu wengi kuliko riwaya yoyote ya Kiswahili, nayo ni maneno machache yanayojitokeza katika kioo cha kompyuta na cha simu: jina la siku, jina la mwezi, amri ya kufungua na amri ya kufunga. Wanafasihi huyaacha kwa kudhani kuwa ni ya mafundi. Mafundi nao huyaacha kwa kudhani kuwa ni ya wanalugha. Makala haya yanakusudia kuyasoma baadhi ya maneno hayo kama matini nyingine yoyote inavyosomwa, yaani kwa kuuliza yametungwa na nani, kwa ajili ya nani, na kwa ufundi wa kiasi gani. Matini yaliyochaguliwa ni majedwali mawili madogo: siku na miezi kwa Kimeru, na siku na miezi kwa Kiembu, kama yanavyopatikana katika hazina ya data ambayo mifumo mingi ya kompyuta na simu hujichotea.

Wakati wa kuyasoma umefika kwa sababu ambayo haikutoka Meru wala Embu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya bure kwa mfumo wake wa Windows 10. Mfumo ulioufuata, Windows 11, hudai mashine zenye vijenzi vya usalama ambavyo mashine nyingi za miaka iliyotangulia hazinavyo. Kwa hiyo shule, ofisi au kibanda cha huduma za kompyuta chenye mashine za zamani kinabakiwa na njia chache: kununua mashine mpya, kuendelea na mfumo usiolindwa, au kuhamia mfumo huria, ambao haulipiwi na ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma na kuubadilisha. Mtu akifika Makutano mjini Meru, au akiteremka hadi mjini Embu, atawasikia watu wakijadiliana juu ya njia hiyo ya tatu kwa hesabu za fedha na za usalama. Suala la lugha halitajwi sana. Hata hivyo mfumo mpya unapowekwa katika mashine, miongoni mwa maswali yake ya kwanza ni lugha ambayo mwenye mashine anaitaka.

Kabla ya kuyafikia majedwali yenyewe, yafaa kusema neno juu ya kitu kinachohamiwa, maana Kiswahili chenyewe hakijakubaliana kukiita nini. Linux, kiini cha mifumo hii, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Lakini kiini peke yake hakimfai mtumiaji wa kawaida, hivyo makundi mbalimbali hukichukua, yakakiunganisha na mamia ya programu nyingine, yakatoa kifurushi kimoja kilicho tayari kuwekwa. Debian ilianza hivyo mwaka 1993, na Ubuntu ikafuata mwaka 2004. Kifurushi hicho kiitweje? Wapo wanaosema usambazaji, ambalo ni jina la kitendo na wala si la kitu. Wapo wanaosema toleo, lakini toleo tayari lina kazi ya kutofautisha cha mwaka jana na cha mwaka huu, na mtu akisema toleo jipya la toleo lake atachekwa. Mgawo lina ladha ya chakula cha msaada. Katika makala haya litatumika neno mkusanyo, si kwa kuwa ni bora kuliko yote, bali kwa sababu linasema kazi iliyofanyika: programu zilizotengenezwa na watu tofauti zimekusanywa mahali pamoja.

Jina la Ubuntu lastahili kutuliwa kidogo, kwani ni neno la Kibantu lililozunguka dunia likiwa juu ya mashine. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alilichukua kutoka katika lugha za Kinguni, na wasomaji wa Kiswahili hulitambua mara moja kuwa ni utu. Kwa Mmeru ukaribu ni mkubwa zaidi, maana kwake mtu ni muntu na watu ni antu. Kwa Mwembu ni mundu na andu. Kwa hiyo Mmeru akiwasha mashine yenye mkusanyo huo hukuta shina la lugha yake limeandikwa kwa herufi kubwa mlangoni. Kisha huingia ndani, na humo ndani hakuna anayesema naye kwa lugha hiyo. Mlango wa namna hii si mgeni katika nchi zetu; hoteli nyingi zina majina ya Kiafrika na orodha ya vyakula vya kizungu.

Ndani ya nyumba hiyo Kiswahili kimekwisha kupata chumba, na historia yake yajulikana. Mnamo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kijasiri, kwani watafsiri walilazimika kuunda istilahi na kuzitumia siku hiyo hiyo. Maktaba ya msingi ya mifumo ya Linux nayo inatambua Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania kuwa mazingira mawili. Ubora wa istilahi zilizoenea tangu wakati ule haulingani. Baadhi zimefaulu kwa sababu zilichotwa jikoni. Neno pakua ni mfano mwema: aliyewahi kusimama na mwiko juu ya sufuria ya githeri anafahamu kwamba kupakua ni kukitoa chakula kilikopikwa na kukileta mbele ya mlaji, na hivyo ndivyo faili linavyotoka katika mashine ya mbali na kufika katika ya karibu. Kwamba mabaharia na wachukuzi nao hupakua shehena, na kwamba kinyume chake, pakia, kiko tayari, kumeliongezea neno nguvu. Hifadhi nalo limekaa vizuri, ingawa kwa mtu aliyekulia karibu na mbuga ya Meru hifadhi ni kwanza mahali pa wanyama, na kwa aliyelelewa chuoni Pwani kuhifadhi ni kuyaweka maandiko moyoni. Maana hizo hazigombani, zinasaidiana.

Kwa upande mwingine yapo maneno yaliyozaliwa mezani na kubaki mezani. Umbiza ni sahihi kwa sarufi, lakini mwanafunzi huhitaji kuambiwa maana yake kila mara. Wanyama nao wameingia katika fujo: kifaa kile cha kuelekeza mshale huitwa kipanya katika faharasa moja na puku katika nyingine. Tarakilishi hufundishwa katika madarasa ya Kenya na kuandikwa katika mitihani, na mwanafunzi yule yule akitoka nje ya lango husema kompyuta. Tofauti hii ya Nairobi na Dar es Salaam imekwisha kuandikiwa sana na haina haja ya kuendelezwa hapa. Itoshe kusema kwamba Kiswahili kina waamuzi wake, wawe wanapatana au hawapatani. Kimeru na Kiembu havina.

Majedwali ya lugha hizi mbili yanapatikana katika hazina ya data za lugha inayotunzwa na Muungano wa Unicode, chombo ambacho makao yake yako California. Hazina hiyo huwa na mambo madogo ambayo mfumo wa kompyuta hauwezi kuyafanya bila kuambiwa: siku zaitwaje, miezi yaitwaje, tarehe huandikwa kwa mpangilio upi, wiki huanza lini. Karibu mwaka 2010 lugha nyingi za Afrika ziliingizwa humo kutokana na jitihada za Mtandao wa Ujanibishaji wa Afrika, na miongoni mwa lugha za Kenya zilizoingia ni Kimeru na Kiembu. Tangu hapo data hizo zimesafiri bila kelele. Zimo katika zana ambazo waandishi wa programu hutumia kila siku. Zimo pia katika simu za Android, ambazo nazo zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na mwenye simu anayeteremka hadi chini katika orodha ya lugha atakuta Kĩmĩrũ na Kĩembu yakimngojea. Akichagua mojawapo, siku na miezi hubadilika, na menyu nyingine zote hubaki katika Kiingereza au Kiswahili. Lugha imepewa ukuta wa kutundika kalenda, basi.

Sasa kalenda zenyewe. Jedwali la Kimeru linaanza wiki kwa Kiumia, kisha Muramuko, Wairi, Wethatu, Wena, Wetano, na kumalizia kwa Jumamosi. Jedwali la Kiembu linaanza vile vile kwa Kiumia, lakini baada ya hapo linafuata njia nyingine kabisa: Njumatatu, Njumaine, Njumatano, Aramithi, Njumaa, NJumamothii. Katika miezi mambo yanageuka. Kimeru kinasema Januarĩ, Feburuarĩ, Machi, Ĩpurũ, Mĩĩ, Njuni, Njuraĩ na kuendelea hadi Dicemba. Kiembu kinahesabu: Mweri wa mbere, Mweri wa kaĩri, Mweri wa kathatũ, Mweri wa kana, Mweri wa gatano, hadi Mweri wa ikũmi na Kaĩrĩ.

Msomaji makini ataona jambo la ajabu. Lugha hizi ni jirani, zinapakana katika miteremko ya mlima mmoja, na wazungumzaji wake hukutana sokoni Chuka na Runyenjes bila kuhitaji mkalimani wa kila neno. Lakini katika majedwali haya zimekuwa kama mtu na kivuli chake kwenye maji. Kimeru kimehesabu siku kwa namba zake na kukopa miezi. Kiembu kimekopa siku na kuhesabu miezi kwa namba zake. Hapana shaka kwamba kila mmoja wa watunzi alikuwa na sababu, na pengine kila mmoja aliandika alivyosikia watu wakisema. Hata hivyo majedwali hayakuwekwa kamwe kando kwa kando na mtu anayezijua lugha zote mbili, kwani huyo angeuliza mara moja: ikiwa Mwembu anaweza kuhesabu miezi, Mmeru ameshindwa na nini? Na ikiwa Mmeru anaweza kuhesabu siku, kwa nini Mwembu aende kuazima Pwani?

Suala la siku lina uzito kuliko linavyoonekana. Hesabu ya Waswahili huanza baada ya Ijumaa, siku ya sala ya pamoja. Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, na hesabu huendelea hadi Jumatano, ambayo ni ya tano, kisha Alhamisi, ambayo nayo kwa Kiarabu ni ya tano, kwani Waarabu huanzia Jumapili. Hesabu mbili za tano zimesimama bega kwa bega katika wiki moja na hakuna Mswahili anayelalamika. Kimeru kinaanza mahali pengine. Baada ya Kiumia, ambayo ndiyo Jumapili, huja Muramuko, na Jumanne ndiyo Wairi, ya pili. Jumatano ni Wethatu, ya tatu. Alhamisi ni Wena, ya nne. Na Ijumaa ni Wetano, ya tano. Kwa hiyo tatu ya Mmeru ni Jumatano, na tatu ya Mwembu, aliyeichukua kwa Mswahili, ni Jumatatu. Tano ya Mmeru ni Ijumaa; tano ya jirani yake ni Jumatano. Wakulima wawili wa maziwa, mmoja wa Nkubu na mwingine wa Manyatta, wakiahidiana kwa simu zao kukutana siku ya tano, mmoja atafika akiwa amechelewa siku mbili.

Kisha mwisho wa wiki ya Kimeru linakuja neno Jumamosi, likiwa zima kama lilivyotoka Mombasa. Mosi inakuja baada ya tano! Mhakiki mwenye haraka angetaka kulifuta na kutunga neno la Kimeru mahali pake. Ingekuwa kosa. Neno hilo laonyesha jinsi wiki yenyewe ilivyofika mlimani: siku tano za kazi zikahesabiwa kienyeji, siku ya ibada ikapata jina lake, na siku iliyobaki katikati ikaja na jina lake la Kiswahili. Watu husema hivyo, na jedwali limefanya vema kuandika wasemavyo.

Uaminifu huo, hata hivyo, haukushikwa kila mahali, hasa katika tahajia. Angalia sauti ya j. Katika Njuni na Njuraĩ mtunzi amefuata tabia ya Kimeru ya kutanguliza n kabla ya j ya mkopo. Katika Januarĩ na Jumamosi hakufuata. Angalia s: Kimeru huandika c katika maneno kama cukuru, yaani shule, na Dicemba limeandikwa hivyo, lakini Septemba na Agasti zimebaki na s yao. Angalia konsonanti zinazoshikana: Feburuarĩ limepewa irabu ya kupumulia kati ya b na r, na Oktũba ikaachwa ikishindana na k na t. Huenda baadhi ya tofauti hizi ni za kweli, maana neno lililokopwa zamani huzoea nyumba kuliko lililokopwa jana. Lakini ufupisho unaondoa shaka: mwezi unaoitwa Dicemba kwa ukamilifu umefupishwa kuwa DEC. Huo ni mkono uliochoka, au mikono miwili ambayo haikuonana.

Jedwali la Kiembu lina kasoro za wazi zaidi na uzuri mkubwa zaidi. Kasoro kwanza. NJumamothii imeandikwa kwa herufi kubwa mbili mwanzoni, na hakuna kanuni yoyote ya Kiembu inayoamuru hivyo. Ufupisho wake ni NMM, ambao haumwambii mtu lolote. Namba ya pili imeandikwa kaĩri katika mwezi wa pili, na Kaĩrĩ, kwa K kubwa na alama juu ya irabu zote mbili, katika mwezi wa kumi na mbili. Yote haya ni makosa ya mchapaji, ya aina ambayo mhariri wa gazeti la shule angeyaona kabla ya chai ya saa nne.

Uzuri wake uko katika miezi. Katika Kiembu, kama katika lugha nyingine za eneo hilo, sauti k hugeuka g ikifuatwa na silabi yenye t au k. Wanaisimu huiita Sheria ya Dahl. Ndiyo maana jedwali lina kathatũ, kana na kanana kwa k, lakini gatano na gatantatũ kwa g. Mtunzi hakuhitaji kusoma isimu ili apate hili. Sikio lake lilimtosha. Na tofauti hiyo ndogo imeokoa ufupisho, kwani mwezi wa tatu ni Kat na wa tano ni Gat. Mwezi wa sita, ambao nao ungekuwa Gat, umesogezwa ukawa Gan. Wa nne ni Kan na wa nane ni Knn. Aliyeketi kuyapanga haya aliipenda lugha yake na alikuwa na subira. Jina lake halimo katika jedwali. Ni hasara, kwani angestahili kuulizwa kwa nini subira ile ilikatika alipofika Jumamosi.

Kuna mahali pamoja ambapo majedwali yote mawili yamebanwa na umbo walilopewa watunzi. Hazina hiyo hudai herufi za kutenganisha nusu mbili za siku, ile ya kabla ya adhuhuri na ile ya baada yake. Kimeru kimeweka RŨ na ŨG, na Mmeru husikia humo salamu zake mbili, muga rukiiri ya asubuhi na muga ugoro ya jioni. Ni chaguo zuri. Kiembu kimeweka KI kwa asubuhi, na kwa nusu ya pili UT, ambazo msomaji hawezi kuzisoma ila kama mwanzo wa neno utuku, yaani usiku. Hivyo jua likiwa utosini, watoto wakitoka darasani kwa chakula cha mchana, kalenda ya Kiembu itaandika kuwa ni saa moja ya usiku. Na Mwembu huyo, kama Mswahili, huiita saa hiyo saa saba. Kosa si lake peke yake. Fomu ilikuwa na nafasi mbili tu, na siku ya Kiafrika, yenye alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni na usiku, ikitiwa katika visanduku viwili lazima iache mguu nje.

Kwamba makosa yawepo si ajabu. La ajabu ni umri wake. Hazina hii ni huria. Yeyote anaweza kuomba nafasi ya kuisahihisha, na marekebisho hupokewa kwa vipindi kila mwaka. Watetezi wa programu huria husema kwamba macho mengi huyafanya makosa yote kuwa mepesi. Kwa Kiingereza au Kijerumani ni kweli. Lakini sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru na 608,599 katika Kaunti ya Embu, na katika macho hayo yote herufi kubwa mbili za NJumamothii zimepita zisiondolewe. Uwazi wa mlango hauwaiti watu wasiojua kwamba nyumba ipo.

Tena yafaa kutazama jinsi mlango huo ulivyo. Maneno ya hazina huamuliwa kwa kura, na kura hazilingani uzito. Mjumbe anayewakilisha shirika mwanachama wa Muungano ana kura nzito. Mtu binafsi anayejitolea huandikishwa kwa daraja la mgeni, na kura yake ni nyepesi. Utaratibu huo una hekima yake, maana bila hiyo mtu yeyote mwenye mzaha angeweza kubadilisha jina la Jumapili katika simu za taifa zima. Lakini matokeo yake katika lugha zisizo na shirika ni kwamba mzee wa Tigania aliyezaliwa katika Kimeru, akaota katika Kimeru na kuamua kesi kwa Kimeru, akijitokeza kusema siku ya tatu huitwaje, ataandikishwa kuwa mgeni.

Pale Nchiru, nje ya mji wa Meru, pana nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee lililohukumu mambo ya Wameru tangu kabla ya ukoloni. Mahali hapo hapo pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati yake mwaka 2013, ambako vijana hufundishwa uandishi wa programu. Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati mwaka 2016. Vyuo vinaruhusiwa kujiunga na Muungano wa Unicode. Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kimewahi kuwa mwanachama. Kwa hiyo kizuizi si sheria. Ni kwamba idara za lugha hazijayatambua majedwali kuwa matini, na idara za kompyuta hazijayatambua kuwa lugha.

Historia inatoa kielelezo ambacho si cha kufurahisha. Maandishi ya lugha hizi yalianzishwa na wamisionari, na kila misheni ilikuwa na sikio lake: Waanglikana waliofika Kigari, Embu, mwaka 1910, Wamethodisti wa Kaaga, Waskoti waliofungua Chogoria mwaka 1922 chini ya daktari Clive Irvine. Mipaka ya misheni ikawa mipaka ya tahajia. Kwa miaka mingi Mwembu aliyetaka kusoma Biblia karibu na lugha yake alisoma ile ya Kikuyu, na alizoea kusali kwa lugha ya jirani. Sasa mtu atazame orodha ya baobonye za Kenya katika mikusanyo ya Linux. Imo ya Kiswahili, na imo ya Kikuyu yenye ĩ na ũ. Mwembu au Mmeru anayetaka kuandika irabu hizo kwa usahihi huchagua ile ya Kikuyu, nayo humtumikia vizuri, kama ile Biblia ilivyomtumikia babu yake. Asipoichagua huandika bila alama, na wengi ndivyo wanavyoandika, kiasi kwamba hata majedwali yanayojadiliwa hapa yanaziweka alama katika miezi na kuzisahau katika siku.

Yapo mapingamizi. Inasemwa kwamba vijana wa Meru na Embu hawataki kompyuta yenye kusema lugha ya bibi. Wanataka Kiingereza cha kazi na Sheng ya starehe. Huenda ni kweli kwa menyu nzima, na hakuna haja ya kumlazimisha mtu. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha saba, imeipa serikali wajibu wa kuendeleza matumizi ya lugha za kienyeji, na mtaala wa umilisi unazitaka katika gredi za mwanzo za shule ya msingi. Mwalimu wa gredi ya pili huko Siakago, ambako Kiembu hukutana na Kimbeere, akitaka kuwachapia watoto kalenda ya ukutani, kifaa kitakachompa majina ya siku ni kile kile kinachojadiliwa hapa. Watoto watanakili walichokiona ukutani, na mwenye herufi kubwa mbili atapata alama sawa na mwenye moja, kwa sababu mwalimu naye atakuwa ameamini kuwa mashine inajua.

Inasemwa pia kwamba Kimeru ni lahaja nyingi, na kwamba atakayesahihisha jedwali atakuwa ameipa Imenti ushindi juu ya Igembe, Tharaka au Mwimbi. Pingamizi hili ni zito kuliko la kwanza, na halijibiki kwa maneno mepesi. Lakini jedwali lililopo limekwisha kuchagua. Lilichagua kimya kimya, karibu mwaka 2010, bila Nchiru kuulizwa. Kuna redio mbili ambazo zingeweza kuwa mashahidi wema, Muuga FM kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, kwa kuwa watangazaji wake hutaja siku na tarehe mbele ya wasikilizaji wanaowasahihisha kwa simu saa ile ile. Kazi ya kusikiliza wiki moja ya matangazo hayo na kuandika kila jina la siku jinsi lilivyotamkwa, na nani alilitamka, na anatoka upande gani wa mlima, ni kazi ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza kwa muhula mmoja. Karatasi yake ingekuwa na safu saba kwa Kimeru na saba kwa Kiembu, na safu ya Wetano ingefaa iachiwe nafasi pana pembeni.